Wauza Chai wa London na Mashine ya Hesabu

Katika biashara zote alizozibuni mwanadamu kwa ajili ya kujipatia riziki, ni chache zenye faida nyembamba kama ile ya kuuza kikombe cha chai na kipande cha keki kwa mtu mwenye haraka. Kwa maana bei yake haiwezi kupandishwa bila ya mnunuzi kuhamia kwa jirani, wala gharama yake haiwezi kupunguzwa sana bila ya chai kugeuka maji na keki kugeuka jiwe. Mwenye kuuza vikombe hamsini kwa siku huweza kuzihifadhi hesabu zake kichwani, ilhali mwenye kuuza maelfu kwa maelfu, katika mikahawa iliyotawanyika mji kwa mji, hana budi kuandika, na kila anachokiandika kina gharama yake ya karatasi, ya meza na ya mshahara wa karani. Ikiwa faida ya mlo mmoja ni robo ya peni, na kuuandika mlo huo katika madaftari kunagharimu kiasi hicho hicho, basi tajiri huyo amefanya kazi kutwa kwa ajili ya kulilisha daftari lake. Taabu hiyo ndiyo iliyowafanya wauza chai wa London, kampuni ya J. Lyons, kuunda kwa mikono yao wenyewe kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi za kawaida za ofisi ya biashara, ambayo ilishika kazi hiyo mwezi wa Novemba 1951.

Kampuni hiyo iliasisiwa mwaka 1887 na jamaa wa koo mbili, Salmon na Gluckstein, waliokuwa wafanyabiashara ya tumbaku, na ambao, kwa kutotaka jina lao lihusishwe na kazi ya kuandaa vyakula, waliazima jina la mshirika wao Joseph Lyons. Mwaka 1894 walifungua mkahawa wao wa kwanza wa chai katika barabara ya Piccadilly, na kutoka hapo mikahawa yenye uso mweupe na maandishi ya dhahabu ikaenea katika miji ya Uingereza hata ikazidi 200. Karani, mshonaji na mama aliyetoka kununua mahitaji ya nyumbani waliweza kuketi humo mahali safi, wakahudumiwa na wasichana waliovaa sare nyeusi na aproni nyeupe, kwa bei isiyomtia mtu hofu. Nyuma ya mikahawa hiyo palikuwa na Cadby Hall, makao makuu yaliyokuwa Hammersmith, magharibi ya London, ambapo mikate, keki na pai zilitoka matanurini usiku na mchana, zikapakiwa magarini na kufikishwa kila mkahawa kabla ya mteja wa kwanza kugonga mlango.

Kila sahani iliyouzwa iliacha hati nyuma yake. Mhudumu aliandika risiti, mteja akalipa, risiti ikapelekwa makao makuu, na huko safu ndefu za wasichana makarani, kila mmoja na mashine yake ya kujumlisha, walizipitia risiti hizo ili kuhakikisha kwamba jumla zimepigwa sawasawa na kwamba fedha zilizofika zinalingana nazo. Juu ya hizo palikuwa na hati za maagizo ya mikahawa, hati za unga na sukari zilizoingia viwandani, hati za bidhaa zilizotoka, hati za magari, na orodha za mishahara ya maelfu ya watumishi. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa ngumu. Mtoto wa shule angeweza kuzijumlisha. Uzito wake ulikuwa katika wingi, na wingi huo ulikuwa ukiongezeka pamoja na kila mkahawa mpya, hata ikawa dhahiri kwamba kadiri kampuni inavyokua ndivyo ofisi yake inavyoila.

Mwaka 1923 kampuni ilimwajiri kijana aliyeitwa John Simmons, aliyehitimu hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akapewa kazi ya kuzichungua taratibu za ofisi na kuziboresha. Huo ulikuwa uamuzi wa pekee kwa nyumba ya biashara ya vyakula katika zama hizo, na matunda yake hayakuonekana kwa siku moja. Simmons alizitazama hati kama mhandisi wa kiwanda anavyoitazama mikanda na magurudumu: wapi kazi inafanywa mara mbili, wapi karatasi inasubiri bila ya sababu, na wapi tarakimu inaandikwa kwa bidii kisha haisomwi na mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 iliundwa idara maalumu ya kuchunguza taratibu za kazi, ambayo watumishi wake hawakuwa na shughuli nyingine ila kwenda idara moja baada ya nyingine, kuuliza, kupima, kuchora mwendo wa kila hati tangu inapozaliwa hadi inapotiwa kabatini, na kupendekeza njia iliyo nyepesi zaidi. Mwenendo wao wote waweza kufupishwa katika maswali matatu yaliyoulizwa juu ya kila hesabu: ni nani anayeihitaji, ataamua jambo gani kwa kuiona, na je, uamuzi huo una thamani kuliko gharama ya kuiandaa.

Wachumi wa vyuoni hulijua swali hilo la tatu kwa majina mengi, lakini aghalabu hulitumia katika mambo makubwa kama reli na mabwawa. Jamaa wa Lyons walilitumia katika vipande vya karatasi. Walipoona kwamba msimamizi hana haja ya kusomewa kila siku habari za mikahawa yote, bali anahitaji kuambiwa juu ya ile michache iliyotoka katika mwendo wake wa kawaida, waliipanga taarifa kwa mujibu wa haja hiyo. Na kwa tendo hilo dogo waliitia elimu ya takwimu katika biashara ya keki, kwa kuwa kulijua lisilo la kawaida hudai kwanza kulijua la kawaida ni lipi, na limebadilika kiasi gani siku hata siku.

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, kampuni iliwatuma maofisa wake wawili, Raymond Thompson na Oliver Standingford, kwenda Marekani mwaka 1947 kutazama ni maendeleo gani yaliyofanyika katika kazi za ofisi wakati Uingereza ilipokuwa imeshughulika na vita. Katika ofisi walizozitembelea hawakuona mengi ya kuwashangaza. Lakini walikuwa wamesikia habari za mashine ya kielektroni iliyoundwa kwa ajili ya hesabu za mizinga, wakaenda Princeton kumwona Herman Goldstine, mmoja wa wakuu wa kazi hiyo, naye akawaarifu kwamba nyumbani kwao Uingereza, katika Cambridge, yuko Maurice Wilkes anayeunda mashine ya namna hiyo. Waliporejea waliandika ripoti kwa wakurugenzi, wakieleza kwamba mashine ile, ingawa wenyewe wanaifikiria kwa kazi za sayansi tu, ina uwezo wa kuchukua karibu hesabu zote za kawaida za ofisi, na kwamba ikiwa hakuna mtu anayeiunda kwa ajili ya biashara, basi Lyons haina sababu ya kungoja.

Wakurugenzi waliifikiri ripoti hiyo kwa hadhari ya watu waliozoea kupima nusu peni. Kwanza waliisaidia Cambridge kwa fedha, wakamwazima Wilkes fundi wao wa umeme, Ernest Lenaerts, ili asaidie na ajifunze. Kisha wakasubiri waone. Tarehe 6 Mei 1949 mashine ya Wilkes, EDSAC, ilifanya hesabu zake za kwanza kwa usahihi, na hapo ndipo Lyons ilipotoa amri ya kuanza kuunda yake. Kazi ya uhandisi ilikabidhiwa John Pinkerton, aliyeingia kampuni kwa kujibu tangazo lililochapishwa katika gazeti la sayansi la Nature, na kazi ya kupanga programu ilikabidhiwa David Caminer, mtu wa idara ile ya taratibu, aliyekuwa amepoteza mguu wake vitani nchini Tunisia. Mashine ikaitwa LEO, kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya Ofisi ya Kielektroni ya Lyons.

Ilijaza ukumbi mzima. Ilikuwa na valvu za kielektroni karibu 6,000, kila moja ikitoa joto na kila moja ikiweza kufa ghafla, na kumbukumbu yake ilikuwa mirija 64 ya zebaki, ambamo tarakimu zilipita kwa sura ya mawimbi ya sauti, zikatoka upande wa pili na kurudishwa tena mwanzo, mzunguko baada ya mzunguko, ili zisipotee. Lakini shida iliyowasumbua zaidi haikuwa katika valvu wala katika zebaki, ilikuwa katika tofauti baina ya kazi ya mwanasayansi na kazi ya karani, tofauti ambayo watu wa Cambridge hawakuwa na haja ya kuifikiria. Mwanasayansi huipa mashine tarakimu chache, huiacha ikokotoe kwa muda mrefu, kisha hupokea majibu machache. Karani huileta habari ya kila mtumishi na kila mkate, huihesabu kwa nukta moja, kisha hutaka hati iliyoandikwa kwa kila mmoja wao. Mashine yenye akili nyepesi na mlango mwembamba ingeshinda ikingoja kulishwa. Jaribio la kwanza la kutumia tepu za sumaku, lililokabidhiwa kampuni nyingine, halikufanikiwa na liliwachelewesha sana. Hatimaye walirudia utepe wa karatasi na kadi za matundu, wakaweka milango kadhaa ya kuingizia na kutolea ifanye kazi kwa pamoja, ili habari moja iwe inaingia wakati nyingine inahesabiwa na ya tatu inaandikwa.

Kazi ya kwanza waliyoikabidhi, katika Novemba 1951, ilikuwa ya wastani, nayo ilichaguliwa kwa sababu hiyo: kuthamini kazi ya viwanda vya mikate kila juma, yaani kukokotoa thamani ya malighafi iliyoingia, ya mikate, keki na pai zilizotengenezwa, ya bidhaa zilizopelekwa kila upande, na ya zile zilizobaki ghalani. Habari zilizohitajika zilikuwa chache, mashine ikikosea hakuna mtu atakayelala na njaa, na makarani waliweza kuyalinganisha majibu yake na yao wenyewe. Kwa njia hiyo walipata ujuzi kabla ya kuingia katika jambo lenye hatari.

Jambo hilo lilikuwa mishahara. Tangu mwaka 1944 kodi ya mapato nchini Uingereza ilikuwa ikikatwa katika kila malipo kwa kutazama jumla ya mapato ya mtu tangu mwanzo wa mwaka, kwa hiyo mshahara wa juma hili haukuweza kukokotolewa bila ya kuijua historia ya majuma yote yaliyotangulia. Juu ya kodi palikuwa na bima, karadha, saa za ziada na siku za ugonjwa. Karani mzoefu alihitaji dakika 8 kwa mtumishi mmoja; LEO ilihitaji sekunde moja na nusu. Hata hivyo Lyons haikuikabidhi mashine mishahara ya watu mpaka mwisho wa mwaka 1953 na mwanzo wa 1954, baada ya kuiendesha muda mrefu sambamba na makarani. Kampuni ilifahamu vyema kwamba mtumishi aliyekosa ujira wake Ijumaa hataridhika kwa kuambiwa kwamba valvu imekufa.

Namna walivyojikinga na makosa yastahili kutazamwa na kila mwenye kazi ya hesabu. Habari ziliandikwa mara mbili, na watu wawili tofauti, na palipokuwa na hitilafu zilirudishwa. Kabla ya kuanza kazi, wahandisi walipunguza na kuongeza kwa makusudi nguvu ya umeme iliyoingia katika mashine, ili valvu dhaifu ijidhihirishe mapema na ibadilishwe. Programu yenyewe ilisimama kila baada ya hatua kadhaa na kuzilinganisha jumla zake, ili mashine ikiharibika katikati ya njia, kazi ianzie hapo ilipothibitishwa mara ya mwisho badala ya kuanza upya. Na programu iliyoandikwa na mtu mmoja haikupewa mashine kabla ya kusomwa mstari kwa mstari na mwenziwe, jambo ambalo Caminer alilishika kwa ukali usiopindika.

Kazi iliyoonyesha zaidi faida ya fikra zao, na ambayo kwayo mtu aweza kuuona uchumi, takwimu na programu vikifanya kazi katika chungu kimoja, ilikuwa maagizo ya mikahawa. Hapo kabla msimamizi wa kila mkahawa aliandika kila siku orodha ndefu ya vitu anavyovitaka kesho yake, na orodha zote hizo zilikusanywa na kujumlishwa usiku ili viwanda vijue vioke nini. Waliozichunguza orodha hizo waliona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho ya wote: kwamba Jumatatu ya mkahawa mmoja hufanana sana na Jumatatu yake iliyopita, na kwamba sehemu kubwa ya maandishi ya kila siku hurudia yale yale. Basi kila mkahawa uliwekewa agizo la kudumu kwa kila siku ya juma, likahifadhiwa katika kadi, na msimamizi hakutakiwa tena kuandika kitu ila kutaja mabadiliko. Kila siku msichana wa makao makuu, mwenye simu masikioni na mashine ya kutoboa kadi mbele yake, alizungumza na msimamizi, na wakati huo huo vidole vyake vilitoboa katika kadi yale aliyoyasikia: keki hizi ziongezwe, pai zile zipunguzwe kwa sababu ya mvua. Kadi hizo zilikwenda moja kwa moja katika LEO, nayo ikatoa jumla ya kila kitu cha kuokwa, orodha ya kufungasha kwa kila mkahawa, mpango wa kupakia kila gari, na hesabu ya thamani ya vyote. Na baadaye ikawaonyesha wasimamizi wakuu mikahawa ambayo maagizo yake yameachana na mauzo yake. Keki isiyouzwa siku yake ni hasara, na keki iliyokosekana mteja alipoitaka ni hasara nyingine. Agizo la kudumu pamoja na simu ya kila siku vilizipunguza zote mbili, na mashine ilikuwa njia ya kuyafanya haya kwa haraka kabla ya matanuri kuwashwa.

Programu hizo ziliandikwa na watu waliotoka katika elimu za kila namna. Kampuni iliitisha mafunzo mafupi na mitihani kwa watumishi wake wenyewe, ikawachagua walioonyesha mantiki safi, wala haikuuliza shahada zao ni za nini. Kwa njia hiyo alipatikana Mary Coombs, aliyesoma lugha ya Kifaransa chuoni, akawa mwanamke wa kwanza kuandika programu za kompyuta ya biashara. Na kwa njia hiyo alipatikana Frank Land, mkimbizi kutoka Ujerumani aliyesoma uchumi London, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa na kuifundisha elimu hii ya kuunganisha mashine na haja za biashara. Walikuwa na nafasi 2,048 tu za kumbukumbu kwa programu na tarakimu zake kwa pamoja, kwa hiyo kila amri iliyoandikwa ilipimwa kama tajiri anavyopima sarafu.

Sifa zilipoenea, wengine walikuja kuomba kazi zao zifanywe. Serikali ilitaka majedwali mapya ya kodi baada ya bajeti kutangazwa. Shirika la reli lilitaka umbali mfupi kabisa baina ya maelfu ya stesheni zake, ili nauli za mizigo zikadiriwe kwa haki. Kiwanda cha magari cha Ford kilileta mishahara ya watumishi wake. Ndani ya Lyons yenyewe LEO ilipokea pia hesabu za majani ya chai, tangu yanaponunuliwa hadi yanapochanganywa. Na minada ya London ndiyo zamani hizo iliyokuwa ikiuza chai ya Kericho na ya Usambara pamoja na ile ya Bara Hindi na Ceylon. Mwaka 1954 iliundwa kampuni ya kuziuza mashine hizo, na LEO ya pili na ya tatu zikafuata. Lakini kuunda kompyuta ni biashara yenye kudai rasilmali kubwa kila mwaka, na washindani wa Marekani walikuwa na mfuko ambao nyumba ya vyakula haikuweza kushindana nao. Mwaka 1963 kampuni hiyo ya kompyuta iliunganishwa na kampuni ya English Electric, na mnamo 1968 mabaki yake yakaingia katika shirika kubwa la kompyuta la ICL. LEO ya kwanza ilizimwa Januari 1965. Lyons nayo, baada ya kulemewa na madeni, ilichukuliwa na kampuni ya vinywaji mwaka 1978.

Wako wanaoisoma habari hii kama kisa cha ushindi uliopotea, wakasikitika kwamba waliotangulia hawakuvuna. Masikitiko hayo yana haki yake, lakini hayapaswi kulifunika somo lililo kubwa kuliko hilo. Tangu Simmons alipoajiriwa hadi mashine ilipofanya kazi yake ya kwanza ilipita miaka 28, na tangu hapo hadi ilipozimwa ilipita miaka 13 tu. Katika ile miaka 28 ndimo mlimokuwa na kazi yenyewe: kuzijua hati, kuziondoa zisizo na faida, kulijua la kawaida na lisilo la kawaida, kupima gharama ya kila habari. Mashine ilipokuja iliwakuta wakiwa na maswali yaliyokwisha kunolewa, na ndiyo sababu ofisi ya wauza chai iliweza kuyatenda ambayo ofisi zenye fedha nyingi kuliko yake hazikuyatenda wakati huo.

Nayasema haya kwa sababu maduka yetu, vyama vyetu vya ushirika na ofisi zetu sasa hununua kompyuta na programu kwa fedha nyingi, mara nyingi kabla ya mtu yeyote kuuliza ni uamuzi gani utakaofanywa vizuri zaidi kwa ajili yake. Mwoka mikate wa Mombasa au wa Tanga aweza kuanza kesho bila ya mashine yoyote: aandike kila siku mikate aliyooka, aliyouza na iliyorudi, na kando yake aandike ni siku gani ya juma, kama ilikuwa mwisho wa mwezi, kama ilikuwa Ramadhani, kama mvua ilinyesha. Baada ya miezi michache atakuwa na agizo lake la kudumu kwa kila siku, na atajua ni wapi mazoea yake yanamwibia. Siku hiyo, akiamua kununua kompyuta, atajua aiulize nini, na atajua pia kama majibu yake yana thamani kuliko bei yake.